Moto Usiongoja Kuguswa

Ewe msomaji, ukiulizwa umeme hudhuru kwa njia gani, bila shaka utajibu kwamba humpiga mtu agusaye waya. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijatimia. Umeme una silaha ya pili, nayo huweza kumwunguza mtu asiyegusa kitu.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Humphry Davy, bingwa wa kemia huko London, aliunganisha betri kubwa na vipande viwili vya makaa. Alipovitenga kidogo, umeme haukukatika, bali uliruka hewani kwa mwanga mkali uliopinda mfano wa tao. Baadaye tao hilo likawa taa ya njiani. Lakini likizuka ndani ya sanduku la swichi, huwa balaa. Bisibisi ikianguka kati ya vyuma viwili vyenye umeme, hewa yenyewe hugeuka njia ya umeme. Joto hupita lile la uso wa jua, shaba huwa mvuke, na fundi hurushiwa moto usoni.

Majeraha hayo yalijulikana zamani, ila kuyakadiria kabla hayajatokea kulichelewa. Mwaka 1982, mhandisi Ralph Lee wa Marekani alitangaza hesabu ya umbali ambao fundi akiukaribia ataungua. Kipimo cha ngozi nacho kilitokana na uchunguzi wa Alice Stoll katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani: kalori 1.2 kwa kila sentimita ya mraba hutosha kutoa malengelenge.

Lakini Lee alilihesabu tao lililo katika hewa wazi. Kuta za sanduku huusukuma moto upande ulio wazi, kama mdomo wa tanuri. Mwaka 2000, Doughty, Neal na Floyd walieleza majaribio yao ya volti 600 yaliyothibitisha jambo hilo. Mwaka 2002 chama cha wahandisi cha IEEE kikatoa mwongozo wake, namba 1584.

Sasa tafakari jambo la ajabu. Tao huuzuia umeme, hata mkondo ukawa mdogo kuliko ule wa shoti kamili. Fyuzi au swichi ya kinga ikiona mkondo mdogo, hukawia kukata. Nalo joto huongezeka kadiri muda unavyoongezeka. Basi mkondo mdogo unaodumu sekunde mbili huweza kuunguza kuliko mkondo mkubwa uliokatwa mara moja. Ndiyo sababu mhesabuji hana budi kuupima mkondo wa tao, muda wa kukatwa, na umbali wa fundi, asitosheke na volti peke yake.

Mwongozo wa 2002 uliruhusu mitambo midogo iliyo chini ya volti 240 isihesabiwe, ikiwa transfoma yake haikufika kVA 125. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba tao laweza kudumu hata kwa volti 208. Toleo la 2018 likaiondoa ruhusa hiyo. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kwa hiyo, kijana utakayekuwa fundi, usidhani kwamba makadirio haya yametungwa ili ujasiri uongezeke. Yametungwa ili tujue pa kusimama na vazi la kuvaa pale isipowezekana kuuzima umeme. Panapowezekana, zima kwanza, funga swichi kwa kufuli, kisha upime uhakikishe kwamba umeme haupo, ndipo ufungue.