Kichwa cha Askofu katika Mji wa Drogheda

Wazee wetu wa Katanga wanawakumbuka bado askari wa Irlandi waliokuja Kongo pamoja na ONU tangu mwaka 1960. Leo twende sisi kwao, mpaka mji wa Drogheda, kando ya mto Boyne, karibu na bahari, kiasi cha kilometa 50 kaskazini ya Dublin.

Anayekuja kwa gari la moshi hushukia ng'ambo ya kusini. Basi tulianza upande huo, tukapanda kilima cha Millmount, chenye mnara mfupi wa mviringo. Toka pale mji wote unaonekana: mto katikati, nyumba za mawe huku na huku, na minara ya makanisa. Zamani pande hizo mbili zilikuwa miji miwili, kila mmoja na wakubwa wake, na watu wake waligombana sana. Padri mmoja Mdominiko, Philip Bennett, aliwakusanya wote kanisani akawahubiria upatano. Wakamsikia, na mwaka 1412 mfalme akaiunganisha kuwa mji mmoja. Kwa hubiri! Sisi tunaohubiri kila Dominika tulimwonea wivu kidogo.

Lakini kilima hicho kiliona pia mabaya. Mwaka 1649 Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza, aliuzunguka mji kwa jeshi kubwa. Tarehe 11 Septemba mizinga yake ilibomoa ukuta upande huu wa kusini. Arthur Aston, mkubwa wa askari wa mji, alikimbilia Millmount pamoja na watu wake, wakauawa hapo hapo. Wengine walifukuzwa mpaka ng'ambo ya daraja. Cromwell mwenyewe aliandika kwamba usiku ule waliuawa watu kama 2,000, na kwamba watawa nao waliuawa karibu wote. Husemwa kwamba waliokufa walikuwa Wakatoliki wa Irlandi tu, si hivyo. Mji ulilindwa na askari wa mfalme, na kati yao walikuwamo Waingereza na Waprotestanti. Aston alikuwa Mwingereza, naye Mkatoliki. Upanga haukuwachagua.

Nasi tukavuka daraja. Mgeni huweza kukosea hapa, kwa maana Drogheda ina makanisa mawili ya Mtakatifu Petro. La Waprotestanti liko juu, mahali pa lile la zamani, ambalo watu kama mia walikimbilia mnara wake siku ile. Cromwell akaamuru uchomwe moto pamoja nao. Karibu na hapo umebaki mnara wa konventi ya Wadominiko, iliyoanzishwa mwaka 1224. Tuliona pia lango la Mtakatifu Laurenti, minara miwili mirefu ya karne ya 13, imesimama imara. Lakini hatukuja kwa ajili ya malango.

Kanisa la Mtakatifu Petro la Wakatoliki liko chini, katika njia kubwa ya maduka. Ndani, katika sanduku la kioo, kimewekwa kichwa cha Mtakatifu Oliver Plunkett. Ngozi ni ya rangi ya kahawia, imekauka, na alama za moto zinaonekana. Mtoto mmoja aliyekuwa mbele yetu alijificha nyuma ya nguo ya mama yake. Hatukumcheka, sisi pia tulinyamaza.

Oliver alizaliwa mwaka 1625. Alikwenda Roma kusoma, akakaa huko zaidi ya miaka 20, maana padri hakuweza kurudi Irlandi bila hatari. Mwaka 1669 alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Armagh, akarudi mwaka uliofuata. Kwa miaka minne alitoa Kipaimara kwa watu 48,000. Hapa Drogheda alifungua shule ya Wajezuiti. Katika wanafunzi 150, kama 40 walikuwa Waprotestanti. Baada ya mwaka 1673 mateso yalianza tena, shule ikabomolewa, naye akajificha vijijini katika baridi na theluji.

Mwisho wa mwaka 1679 alikamatwa. Walisema aliita jeshi la Ufaransa. Tena, jambo la kuhuzunisha, kati ya mashahidi waliomsingizia walikuwamo mapadri wa nchi yake, ambao yeye aliwaonya kwa sababu ya mwenendo wao mbaya. Kwanza alipelekwa mbele ya waamuzi huko Dundalk. Wote walikuwa Waprotestanti, lakini walimfahamu, na washitaki waliogopa kufika. Kwa hiyo alihamishwa London, mahali asipojulikana, wala hakupewa muda wa kutosha kuwaita mashahidi wake. Baraza lilimhukumu kwa robo saa tu. Tarehe 1 Julai 1681, huko Tyburn, aliwasamehe waliomshitaki na waliomhukumu, kisha akanyongwa, na mwili wake ukakatwa vipande. Kichwa kilitupwa motoni. Rafiki zake wakakitoa.

Kwa karibu miaka 200 masista Wadominiko wa Drogheda walikitunza katika konventi yao, mpaka mwaka 1921 kilipoletwa kanisani. Papa Paulo VI alimtangaza Oliver kuwa mtakatifu mwaka 1975.

Karibu na sanduku umewekwa mlango wa chumba chake cha gereza la Newgate. Tuliugusa. Ni mbao nzito, nene.

Miaka ile ya 1970 Irlandi ya Kaskazini ilikuwa ikimwaga damu tena. Tarehe 29 Septemba 1979 Papa Yoane Paulo II alifika karibu na Drogheda, na mbele ya umati mkubwa sana aliwaomba wenye silaha, kama mtu apigaye magoti, waache kuua. Hawakumsikia siku ile. Mapatano yalifanyika tarehe 10 Aprili 1998, siku ya Ijumaa Kuu.