Dhamana ya Mtoto Katika Nchi ya Wapagazi

Kabla reli ya Wajerumani haijafika Tabora mwaka 1912, karibu biashara yote iliyopita baina ya Bagamoyo na Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora, ilipita kwa miguu ya wanadamu, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wengi wa mizigo njiani, na gurudumu halikuwa na barabara ya kupita. Hivyo karibu kila pembe ya ndovu iliyoshuka pwani, na kila jora la merikani, na kaniki, na shanga zilizopanda bara, zilikaa juu ya bega au kichwa cha mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani yapata kilo 32, na aliyeubeba aghalabu alikuwa kijana wa Kinyamwezi aliyeondoka kwao baada ya mavuno, akiwa na tamaa ya kurudi kabla mvua hazijamtaka shambani.

Mwingereza Richard Burton, aliyeingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka 1857, alieleza kwamba Wanyamwezi waliihesabu safari ya kwenda pwani kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba hata watoto wadogo walizoezwa kubeba vipembe vidogo mabegani mwao ili miili iizoee kazi. Habari hii husomwa upesi na wengi, kisha ikapitwa kama ajabu ya wasafiri. Nami naona ndani yake jambo kubwa kuliko ajabu, nalo ni kwamba katika nchi hii kijana hakungoja azeeke ndipo atiwe katika shughuli za watu. Alipewa mzigo wa kadiri yake, akawekwa nyuma ya kirangozi, yaani mwongoza msafara, mwenye bendera, akajifunza njia, na maji yalipo, na namna ya kuishi kambini na wenziwe waliokula naye chungu kimoja.

Lakini insafu yatutaka tuutazame na upande wa pili. Misafara ilichukua bidhaa, ikachukua na maradhi. Ndui ilitembea njia ile ile ya pembe, ikaingia kambi hata kambi, na mpagazi aliyeshikwa nayo aliweza kuachwa kando ya njia, mzigo wake ukahamishiwa mwingine, msafara ukaendelea. Baadhi ya wapagazi walisafiri na wake zao na watoto, nao hawakuwa na kinga zaidi yao. Mzigo ulikuwa na dhamana, maana umeandikwa katika daftari ya tajiri na tajiri mwenyewe amekopa fedha Unguja kwa ajili yake. Mbebaji hakuwa na dhamana ila ndugu aliokuwa nao kambini, na ndugu hao nao walikuwa wamechoka. Huo ndio upungufu wa zama zile, wala sioni sababu ya kuupaka rangi kwa kuwa tu ni wa wazee wetu.

Kijana asiyekuwa na mtu wa kumdhamini alipata bwana kwa njia nyingine. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwezi Desemba mwaka 1884, na mtemi Nyungu ya Mawe katika Ukimbu, aliyefariki mwaka huo huo, walikusanya vijana wengi waliokatwa na jamaa zao kwa vita na utumwa, wakawafanya ruga-ruga, yaani askari wao wa vita, na majina ya vijana hao yalitisha nchi nzima tangu Unyanyembe hata kusini ya mbali. Watu huwasimulia ruga-ruga kwa ukali wao; mimi huwakumbuka kwa umri wao, kwani wengi walikuwa wavulana tu, na jamii iliyoshindwa kuwashika mikono walipokuwa wadogo ndiyo iliyolipa gharama walipokua.

Katika miaka hiyo hiyo alifika magharibi mwa nchi mtu ambaye kisa chake chastahili kujulikana na kila mtoto wa shule. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger katika nchi ya Mali ya sasa, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, nao wakampeleka kisiwa cha Malta akasome utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa ziwa Tanganyika, akatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67 ya kazi moja mahali pamoja. Mtoto aliyekuwa bidhaa njiani akawa tabibu wa watoto wa wengine. Na kilichomgeuza hivyo kilikuwa ni kwamba mtu fulani alitoa gharama yake mapema, kabla hajajulikana atakuwa nani.

Baada ya uhuru Serikali ilijitwika gharama hiyo kwa wote. Mwaka 1973 kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, wakachimba vyoo na kufyeka nyasi zilizoficha mbu. Uchumi ulipodhoofika dawa zikakauka katika zahanati, na kuanzia mwaka 1993 mgonjwa akaanza kutakiwa kuchangia hospitalini; watoto chini ya miaka mitano na mama wajawazito wakasamehewa kwa sera, bali mtoto wa miaka sita, au tisa, au kumi na sita, akarudi kuwa mzigo wa mzazi peke yake, naye mzazi wa Unyamwezi hana mshahara wa kila mwezi; ana fedha msimu wa pamba au wa tumbaku, na malaria haingoji msimu.

Hapo ndipo mkoa wa Tabora ulipoingia tena katika tarehe ya nchi. Mwishoni mwa mwaka 1995 wilaya ya Igunga, nchi ya pamba na ng'ombe, ilichaguliwa kuwa mahali pa kwanza Tanzania pa kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, ikapewa kadi moja, na kadi hiyo iliwatibia baba, mama na watoto wao walio chini ya miaka 18; Serikali nayo iliongeza kiasi kilicho sawa na kilichochangwa, watu wakakiita tele kwa tele. Wenye kukusanya walifahamu kwamba fedha hutakiwa baada ya mavuno, wakati mkono una kitu, na hilo ndilo lililokuwa akili ya jambo lenyewe: kuigawa taklifu ya ugonjwa kabla ugonjwa haujaingia nyumbani, kama vile mizigo ilivyopimwa na kugawanywa Bagamoyo kabla msafara haujainua mguu. Mwaka 2001 Bunge likaufanya mfuko huo kuwa sheria, ukaenea wilaya nyingine, na fauka ya hayo sheria ikaweka kamati za afya za kata ili wanachama wenyewe wausimamie.

Sisemi kwamba uliwatosha wote. Wengi waliulipia mwaka mmoja, wakaikuta zahanati haina dawa, wasilipe mwaka wa pili. Na fukara, ambaye kijiji kilitakiwa kumsamehe, mara nyingi alisahauliwa. Mfuko ulioboreshwa baadaye ukaweka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilhali kaya za Wanyamwezi na Wasukuma hupita sita kwa wepesi, na mtoto aliye mtu wa saba wa kaya, kwa hesabu hiyo, hakuwa na mahali pa kukaa. Kadi ya mtoto mmoja mmoja iliyotolewa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani Toto Afya Kadi iliyokuwa ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ilisimamishwa usajili wake mwezi Machi 2023, kwa maelezo kwamba wengi walijiandikisha mtoto akiwa tayari mgonjwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayamwondolei mtoto homa. Novemba mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo itapimwa, kwa maoni yangu, kwa huyo mtoto wa Igunga aliye mtu wa saba wa kaya kabla haijapimwa kwa mtu mwingine yeyote.

Na vijana? Umri ule ule wa miaka 18, ambao kadi ya kaya ya Igunga ilimwacha mtoto alipoufikia, ndio umri ambao sheria ya serikali za mitaa humfanya mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, mwenye haki ya kusema na ya kupiga kura sawa na babaye. Basi msomaji wangu uliye Igunga, au Nzega, au Sikonge, au Urambo, kijana wako akitimiza umri huo usimwache nyumbani siku ya mkutano. Nenda naye, aulize mbele ya watu dawa za zahanati zimekwenda wapi na kaya ngapi za kijiji hazina kadi, na kamati ya afya ya kata inapochaguliwa, jina lake liwemo.