Je, mashine inaweza kuwa na fahamu kama mtu?

Mgonjwa akilala bila kusikia wala kujibu, tunasema amepoteza fahamu. Fahamu ni kuwa macho kwa ndani: kuhisi uchungu, furaha, hofu. Si sawa na akili ya hesabu. Kalkuleta ya dukani hutushinda kwa hesabu, lakini hakuna anayeihurumia ikianguka chini.

Mwaka 1950, Mwingereza Alan Turing, mtaalamu wa hesabu, alipendekeza kipimo. Mtu aulize maswali kwa maandishi bila kumwona anayejibu. Akishindwa kutofautisha majibu ya mashine na ya mtu, tukubali kwamba mashine inafikiri. Kipimo hicho hupima maneno yanayotoka, hakionyeshi kama ndani kuna anayehisi.

Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Iliiga mshauri wa watu wenye taabu za moyo. Ukiandika habari za mama yako, iliweza kukuomba uieleze zaidi juu ya jamaa yako. Haikujua mama ni nini, ilifuata tu kanuni za kugeuza maneno. Hata hivyo, karani wake, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo peke yake. Weizenbaum alishtuka. Mwaka 1976 aliandika kitabu akionya kwamba kazi zinazohitaji huruma ya mtu zisiachiwe kompyuta.

Mwaka 1980, mwanafalsafa John Searle alitoa mfano. Mtu asiyejua Kichina amefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Anapokea alama za Kichina, anafuata kanuni, anatoa majibu sahihi, lakini haelewi hata neno moja. Ndivyo kompyuta ilivyo, alisema. Wapinzani wake walijibu kwamba kuelewa kuko katika mfumo mzima, si kwa yule mtu peke yake.

Programu za leo zimefundishwa kwa maandishi mengi mno ya watu, nazo huchagua neno linalofaa kufuata. Ndiyo maana zinaongea juu ya msiba kama mtu aliyefiwa: zimepitia maneno ya waliofiwa. Lakini kwa nini kazi ya ubongo huambatana na kuhisi? David Chalmers aliliita hilo tatizo gumu mwaka 1995, na sayansi haijalitatua. Kwa hiyo hakuna aliyethibitisha kwamba mashine zitafikia fahamu ya mtu, wala kwamba hazitafika kamwe. Sisi tunaosoma Mwanzo 2:7 tunaamini pumzi ya uhai ni zawadi ya Mungu, ila imani hiyo si kipimo cha maabara.

Basi, ndugu akiiambia simu huzuni yake usiku, tusimcheke. Karani wa Weizenbaum alifanya vilevile. Tujiulize kwa nini hakupata mtu wa kumsikiliza. Simu inaweza kuandika pole. Kuketi naye matangani, na kurudi kumwona watu wakishatawanyika, kunabaki kazi yetu.