Khadzonzo: Paka wa Kilifi Aliyeandikwa Daftarini Ulaya

Mwaka 1978, katika shamba la minazi karibu na Watamu, pwani ya Kenya, Jeni Slater alikuta paka wachanga. Mwambao huo haujawahi kupungukiwa paka. Wako sokoni Malindi, wako bandarini Kilifi wakingoja matumbo ya samaki, wako barazani Lamu wakiota jua. Lakini hawa hawakufanana na wenzao. Slater alikuwa mfugaji wa farasi na mchoraji wa wanyamapori, mtu aliyezoea kutazama mfupa, mkao na rangi kabla ya kusema lolote. Akachukua wawili, dume na jike, akawalea mwenyewe. Walipokomaa wakazaana, na watoto wakatoka na sura ileile ya wazazi wao.

Hivyo ndivyo ulivyoanza ufugaji wa paka ambaye leo anajulikana duniani kwa jina la Sokoke. Ulianzia nyumbani kwa mtu, kwa mapenzi tu, kama ulivyoanza ufugaji wa mbegu nyingi za wanyama wadogo.

Inafaa kumtazama vizuri paka huyu, maana sura yake ndiyo iliyomtoa shambani. Manyoya ni mafupi, yamelala juu ya ngozi, na chini yake hakuna ule usufi mzito walio nao paka wa nchi za baridi. Rangi ni ya kahawia, na mbavuni kuna mabaka meusi yanayojizungusha kama mishipa ya ubao uliopigwa randa. Juu ya mabaka hayo kila unywele una vipande vya rangi mbili, nyeusi na hafifu, kwa hiyo mwili mzima unaonekana kama umenyunyiziwa chumvi na pilipili manga. Macho ni ya kaharabu au kijani hafifu. Miguu ya nyuma imezidi ya mbele kwa urefu, na paka hutembea kama anayenyata kwa ncha za vidole hata pale asipowinda chochote. Akitulia chini ya mti, unaweza kumpita.

Watu waliokuwa wakiishi naye hawakungoja mchoraji awaonyeshe. Wagiriama wa vijiji vya kando ya msitu walikuwa wamekwisha kumpa jina: khadzonzo. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wamelipokea jina hilo na wanalieleza kuwa maana yake ni anayefanana na gome la mti. Kwangu mimi jina hili ndilo kumbukumbu ya kwanza ya mbegu hii. Mtu hampi paka jina la gome la mti mpaka awe amemtenga machoni mwake na paka wa madoa, wa mistari na wale weupe. Awe amemwona mara nyingi, na awe na mtu wa kumwambia atakayeelewa. Vitabu vingi vya paka huanza historia mwaka 1978 na kulitaja jina la Kigiriama pembeni, kama pambo. Mpangilio huo haunipendezi. Kabla ya nyumba ya Watamu kulikuwa na vijiji, na vijiji ndivyo vilivyomtunza paka huyu bila kumfungia.

Jina la pili lilitoka msituni. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, kati ya Kilifi na Malindi, na ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika mwambao wa Afrika Mashariki. Ndani yake mna mirihi na mibambakofi, mna isanje mwenye kiuno cha dhahabu, na mna bundi mdogo aliyeandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1966, naye pia akabeba jina la Sokoke. Msitu wenye viumbe wa pekee namna hiyo humshawishi mtu kuamini kwamba hata paka wake ni wa pekee, paka wa porini aliyekubali kuja nyumbani. Kwa miaka mingi wafugaji walimwita paka wa msitu wa Sokoke, na wengine walidhani ana damu ya paka pori.

Uchunguzi wa vinasaba ulisema vingine, na uliyosema yananivutia zaidi kuliko hadithi ya porini. Mwaka 2007 mtafiti Carlos Driscoll na wenzake walionyesha kwamba paka wote wa kufugwa duniani wametoka kwa paka pori wa Mashariki ya Karibu. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akiwemo Leslie Lyons, walichapisha ulinganisho wa paka wa mbegu na paka wa mitaani kutoka pande nyingi za dunia. Sokoke alionekana kuwa ndugu wa paka wa mitaani wa pwani ya Kenya, na nasaba yake ikaelekea Asia. Kwa maneno mengine, khadzonzo wa Kilifi na paka wa barazani Lamu ni jamaa.

Mtu wa pwani akisikia hivyo hashangai. Kaskazi ilikuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikiyarudisha. Chombo chenye nafaka hakikosi panya, na chombo chenye panya kinahitaji paka. Panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia, ameonekana katika mifupa iliyochimbuliwa Unguja Ukuu, mji wa biashara wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tena magofu ya Gede, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17, yako ukingoni mwa msitu huohuo wa Arabuko-Sokoke. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba pale mwaka 1948 alikuta vyombo vya kaure kutoka China. Ikiwa sahani ya China ilifika hatua chache kutoka kwenye mirihi, paka wa Asia alikuwa na njia ileile. Akishuka na kuzoea shamba, akizaa vizazi mbali na bandari, akila panya, mijusi na panzi, anaweza kuwa paka wa msitu bila kuwa paka pori.

Turudi Watamu. Mtu akitaka kujua mbegu huanzaje, asitazame paka tu, atazame daftari. Paka wa kijijini hana karatasi. Baba yake hajulikani, na hakuna anayeuliza. Anayeanza kufuga mbegu hulazimika kuandika: nani amepandwa na nani, siku gani, wamezaliwa wangapi, yupi amebaki na yupi amepewa nani. Halafu huchagua, na kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Kipaka mwenye mabaka yaliyo wazi hubaki, mwenzake huenda kwa jirani kula panya. Baada ya vizazi kadhaa vya uchaguzi, watoto wanaotoka hawamshangazi mtu. Wakaguzi wa mashirika ya paka hudai ushahidi huo kabla ya kukubali chochote, nao hautolewi kwa maneno. Ndiyo maana ufugaji wa aina hii humwelemea mtu mmoja, na mara nyingi huokolewa na rafiki.

Rafiki huyo alikuwa Gloria Moeldrup, Mdenmark, ambaye aliwachukua paka wa Slater hadi kwao na kuendelea kuwazalisha. Mwaka 1984 walionyeshwa hadharani huko Denmark kwa mara ya kwanza. Malindi imewahi kusafirisha mnyama akastaajabiwa ng'ambo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika kasri ya mfalme wa Ming huko China na kupokewa kama ishara ya heri. Twiga yule alipelekwa kama zawadi ya dola kwa dola, naye akabaki kuwa mmoja. Paka hawa walikwenda kwa urafiki wa watu wawili, wakazaa.

Mwaka 1993 FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafugaji wa paka lenye makao Ulaya, liliitambua mbegu ya Sokoke. Baadaye TICA, shirika kubwa la Marekani, nalo likafungua daftari lake kwa paka hawa. Sasa jina la msitu wa Kilifi likawa linasomwa katika maonyesho, kwenye kadi za wakaguzi na katika vyeti vya nasaba.

Mwaka uleule wa 1993 jambo jingine lilianzishwa palepale Gede, nalo haliwezi kuachwa katika simulizi hii. Ni mradi wa Kipepeo. Wenyeji wa kando ya Arabuko-Sokoke walifundishwa kufuga vipepeo wa msituni, kuwalisha viwavi majani yanayowafaa, na kuuza pupa zao kwa nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Fedha zikarudi kwa aliyefuga, na msitu ukapata watetezi wenye sababu ya kuutetea. Hapa kuna msitu mmoja, mwaka mmoja na viumbe wawili. Kipepeo alikwenda ng'ambo na akamkumbuka mwenye shamba. Khadzonzo alikwenda na jina la msitu, ila daftari lake likafunguliwa ugenini na huko likabaki. Simlaumu aliyempenda paka akambeba. Bila mikono hiyo tusingekuwa na historia ya kusimulia. Nasema tu kwamba mizani haikukaa sawa.

Daftari hilo la Denmark lilikuwa na udhaifu mmoja, nao ni uchache. Paka walioondoka Kenya walikuwa wa kuhesabika, na ndugu wakipandana na ndugu kizazi baada ya kizazi, kilichofichika hujitokeza. Mara kwa mara walizaliwa vipaka weusi tititi. Mara nyingine walizaliwa wenye mwili wa rangi ya malai na ncha za masikio, mkia na miguu zilizokolea, kama paka wa Siam. Kinasaba cha rangi hiyo ni cha Asia ya kusini mashariki. Hao si kasoro machoni pangu. Ni barua za zamani zilizokuwa zimekunjwa ndani ya damu. Lakini kwa mfugaji ni onyo kwamba ukoo umebanana na unahitaji damu ngeni.

Damu hiyo ilitoka nyumbani. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Jeannie Knocker, mkazi wa Watamu, alikuta paka wenye sura ileile katika eneo lilelile, akawakusanya na kuwazalisha, na baadhi yao wakapelekwa Marekani na Ulaya. Wafugaji wakawa na ukoo wa zamani wa Denmark na ukoo mpya wa Watamu, wakaupandisha mmoja na mwingine. Robo karne baada ya 1978, mashamba ya kando ya Arabuko-Sokoke yalikuwa bado yana paka wa gome la mti, wala hakuna aliyekuwa akiwalinda.

Nikifikiria jinsi mambo yangeweza kwenda, huwakumbuka watu wa Shetland, visiwa vya baridi kaskazini mwa Scotland. Nao walikuwa na mnyama mdogo wa kwao, mbwa wa kuchunga kondoo, ambaye wageni walianza kumpenda na kumnunua. Mwaka 1908 wenyeji walikutana Lerwick, mji wao mkuu, wakaunda chama na kufungua daftari lao wenyewe. Mwaka 1909 klabu ya mbwa ya Uingereza ikamtambua kama koli wa Shetland. Wafugaji wa koli wakubwa wakapinga jina hilo, na mwaka 1914 likabadilishwa kuwa mbwa wa kondoo wa Shetland. Walishindana juu ya jina, lakini mahali hapakuwa na ubishi, kwa sababu ukurasa wa kwanza uliandikwa kisiwani.

Kilifi haijachelewa kuandika ukurasa wake. Maana ya khadzonzo imekuwa ikirudiwa na wafugaji wa mbali bila kuulizwa mwenye lugha, na wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1978 sasa wana umri wa zaidi ya miaka sitini. Nawaomba walimu wa shule za Mida, Dabaso, Jimba na Matsangoni wawatume wanafunzi wao kwa mababu na mabibi na maswali matatu: paka huyu mlimwitaje, mlimwona wapi, na alikuwa na kazi gani nyumbani? Majibu yaandikwe kwa Kigiriama kama yalivyosemwa, pamoja na jina la aliyesema na kijiji chake, kisha yapelekwe katika jumba la makumbusho la Gede yahifadhiwe.