Vinasaba

Ukitaja vinasaba ndani ya daladala ya Moshi, jirani yako wa kiti atadakia: "Kwani mtoto wa nani?" Ndiko neno lilikozoeleka, kwenye kesi za baba na mtoto, hata sheria yetu ya vinasaba vya binadamu ya 2009 imelibeba. Mzizi wake ni nasaba, yaani ukoo, kutoka Kiarabu. Ngeli ya ki-vi imeudogosha ukoo hadi ukaenea ndani ya chembe. (Jeni ni kipande tu cha hivyo vinasaba, wanaovichanganya ni wengi, nami nimo.)

Lakini kwenye maabara ya KCRI, taasisi ya utafiti iliyo pale hospitali ya KCMC, utasikia vinasaba vya bakteria. Bakteria naye ana ukoo? Anao. Vinasaba vya vijidudu vya kifua kikuu vya wagonjwa wawili vikifanana karibu herufi kwa herufi, yaelekea mmoja kamwambukiza mwenzake, au wote wamevipata vijidudu hivyo kwa mtu wa tatu. Daktari, mtaalamu wa maabara na mtu wa takwimu huinamia kompyuta moja wakiuliza swali la mlimani: ukoo wa Mushi, sawa, ila wa Kibosho au wa Machame?