Kitovu cha gurudumu: matumizi ya kwama, ganda, kaza na bana

Kitovu (nm, ngeli ya KI-/VI-). 1. Alama iliyo katikati ya tumbo, mahali mtoto alipoungana na mama yake kabla ya kuzaliwa. 2. Katikati ya jambo au mahali: kitovu cha mji, kitovu cha biashara. 3. Sehemu ya katikati ya gurudumu ambayo huzunguka juu ya ekseli na kubeba ringi na tairi.

Maana ya tatu ndiyo inayojadiliwa hapa. Mafundi wengi husema habu (nm, ngeli ya I-/ZI-), neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Maneno yote mawili ni sahihi: kitovu hufaa zaidi katika maandishi na mafunzo, habu katika karakana na dukani pa vipuri. Kufananisha katikati ya gurudumu na kitovu cha mwili hakukuanza leo wala si kwa Waswahili peke yao. Katika Kijerumani, lugha ya waliojenga Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912, Nabe ni kitovu cha gurudumu na Nabel ni kitovu cha tumbo. Maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja.

Ndani ya kitovu hukaa beringi (nm, ngeli ya I-/ZI-), kifaa kinachowezesha kitovu kuzunguka bila kusagana na ekseli. Beringi ina pete ya ndani, pete ya nje, na kati yake vyuma vinavyobingirika. Vyuma hivyo vikiwa vya mviringo kama tufe huitwa gololi. Vikiwa virefu huitwa rola. Si sahihi kuiita beringi yote gololi, kwa kuwa magari mengi ya zamani hutumia rola zilizochongoka upande mmoja, ambazo hustahimili uzito wa gari na msukumo wa pembeni wakati wa kukata kona.

Tatizo la matumizi

Kitovu kinapokataa kutoka, wazungumzaji wengi hutumia kitenzi kimoja tu: "kimekwama". Katika mazungumzo ya kawaida hilo halidhuru. Katika kazi ya kufungua gari la zamani linadhuru, maana Kiswahili kina vitenzi kadhaa kwa hali hiyo, na kila kimoja hutaja sababu yake. Anayetaja sababu isiyo yenyewe huandaa dawa isiyo yake, na mara nyingi dawa hiyo ni nyundo.

Mfano wa kufaa ni Land Rover za kizazi cha zamani, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948 na ambazo toleo lake la tatu lilifikia mwisho mwaka 1985. Bado zinaonekana katika nchi za Afrika Mashariki. Mahali pa kufaa pa mfano huo ni Goweko, kata ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, penye kituo cha Reli ya Kati upande wa mashariki wa mji wa Tabora. Eneo hilo la Uyui lilipitiwa na njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Tura na Kigwa zilitajwa na wasafiri wa karne ya 19. Mizigo ya wakati huo ilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, si juu ya magurudumu. Msamiati wa habu, beringi, nati, grisi na spana umekuja baadaye, ukipokewa kutoka Kiingereza. Vitenzi vinavyoeleza hali za vifaa hivyo, kinyume chake, ni vya Kiswahili chenyewe, na ndivyo vinavyobeba maarifa.

Kaza / legeza

Kaza (kt) ni kuwa imara bila kulegea, au kufanya kitu kiwe hivyo. Nati imekaza hutaja hali ya nati. Nati imekazwa hudokeza kuwa kuna mtu aliyeikaza. Kinyume chake ni legeza, si *kazua.

Katika ekseli ya nyuma ya Land Rover ya zamani, fundi hufungua kwanza bolti sita zinazoshika bamba la kuendeshea, kisha huchomoa hafushafti. Chuma hicho hupeleka nguvu za injini kwenye gurudumu lakini hakibebi uzito wa gari. Ndani yake huonekana nati mbili kubwa, na kati yake washa ya bati laini ambayo kingo zake zimekunjwa juu ya nati ili isijifungue. Nati hiyo haikukwama wala haikuganda, imefungwa. Dawa yake ni kukunjua bati kwa tindo butu, kisha kutumia spana ya boksi inayoienea. Anayesema "imekwama" bila kutazama bati hupiga pembe za nati kwa patasi mpaka zikaviringika na hesi za ekseli zikaharibika.

Angalizo: kulegeza si sawa na kuzungusha kushoto. Baadhi ya magari ya zamani yana hesi za kushoto upande mmoja wa gari, na nati zake hulegea zikizungushwa kulia. Katika magari hayo, anayeamini kuwa analegeza huwa anakaza.

Kwama / kwamua

Kwama (kt) ni kushindwa kuendelea kwa sababu ya kizuizi. Gari limekwama katika tope la Goweko. Mfupa umekwama kooni. Kitu kilichokwama kina kitu kingine kinachokizuia, na kwamua ni kuondoa kizuizi hicho.

Kitenzi hiki kinafaa kwa dramu ya breki, ambayo huondolewa kabla ya kitovu. Viatu vya breki hula uso wa ndani wa dramu kwa miaka mingi na kuacha ukingo kwenye mdomo wake. Dramu ikivutwa, ukingo huo huishia kwenye viatu. Hapo ni sahihi kusema dramu imekwama. Kuigonga hakuondoi kizuizi. Kinachokiondoa ni kurudisha nyuma kirekebishi cha breki hadi viatu vijikunje ndani. Ikumbukwe pia kuwa bitana za breki za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Vumbi la dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa; lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Ganda / gandua

Ganda (kt) ni kuwa kitu kimoja na kingine kwa sababu ya kilichoingia kati yake: mafuta yameganda, damu imeganda, ugali umeganda chunguni. Katika chuma, kinachoingia kati ni kutu. Gandua ni kutenganisha vilivyogandana, na aghalabu huhitaji muda kuliko nguvu.

Mkoa wa Tabora una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi kirefu baada yake. Gari likipita katika maji ya mbuga huku sili ya kitovu imechakaa, maji huingia na kuchanganyika na grisi. Likiegeshwa kiangazi chote, kutu hufanya kazi yake polepole kati ya pete ya ndani ya beringi na shina la ekseli. Hivyo gari lililokwama masika hurudi karakana likiwa na kitovu kilichoganda, na watu hutumia neno la masika kwa ugonjwa wa kiangazi.

Kilichoganda hutiwa mafuta ya kupenya, huachwa usiku kucha, hutiwa tena, kisha huvutwa taratibu kwa kivutio, kifaa ambacho mafundi hukiita pula. Joto husaidia, kwa kuwa chuma cha nje kikipashwa hutanuka. Hata hivyo moto usitumike mahali penye grisi, sili ya mpira au mafuta ya breki, wala kwenye beringi inayotarajiwa kurudishwa. Kitovu kikitoka na kuacha pete ya ndani juu ya shina, pete husagwa upande mmoja mpaka ibaki ngozi nyembamba, kisha hupasuliwa kwa pigo moja la tindo. Shina lisiguswe. Chuma cha beringi ni kigumu na huruka vipande. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima.

Bana / banwa

Bana (kt) ni kushika kwa kukandamiza pande zote. Umbo la kutendwa, banwa, lina umuhimu wa pekee hapa. Pete ya nje ya beringi huingizwa katika kitovu kwa nguvu kiwandani, kwa sababu tundu limetengenezwa dogo kidogo kuliko pete. Kwa hiyo pete hiyo imebanwa: haina ugonjwa wowote, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Pete ya nje inayotoka kwa vidole ndiyo yenye kasoro, kwani tundu lake limekwisha kulika.

Pete iliyobanwa hutolewa kwa kugongwa kutoka upande wa pili kwa kipande cha shaba nyeupe au chuma laini, pigo moja huku na jingine kule, ili itoke sawasawa. Ikipigwa upande mmoja tu hukaa mshazari, na kuanzia hapo ni halali kusema imekwama, lakini kizuizi ni kazi ya fundi mwenyewe.

Magari mengine ya zamani, kama Triumph Herald ya Uingereza, yana kitovu cha nyuma kilichobanwa juu ya ncha ya shafti iliyochongoka. Kitovu cha namna hiyo hakitoki bila pula imara. Nati haiondolewi kabisa, bali huachwa imeshika hesi chache, ili kitovu kikiachia ghafla kisiruke na kumuumiza aliye mbele yake.

Makosa ya kawaida

"Beringi imekwama, ipige." Beringi haipigwi kupitia rola zake. Pigo linalopita katika rola huacha vishimo visivyoonekana kwa urahisi juu ya pete, na beringi huanza kunguruma baada ya safari chache. Beringi iliyotolewa kwa kuvutwa pete moja huku nyingine ikishikilia isirudishwe.

"Ni mkweche, kila kitu kimekufa." Mkweche ni gari bovu lililochakaa, gari la zamani ni gari la umri mkubwa, ambalo huenda ni zima. Aliyekwisha kuliita mkweche hujiruhusu kutumia nyundo mahali pa spana.

"Gari liko juu ya jeki, ingia." Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Kuvuta kitovu kilichoganda hulitikisa gari zima. Liwekwe juu ya stendi imara, na magurudumu yaliyobaki yazuiwe kwa vipande vya miti au mawe.

"Kaza mpaka mwisho." Kosa hili ni la wakati wa kurudisha. Beringi za rola zilizochongoka hazikazwi mpaka mwisho. Nati ya kwanza hukazwa huku kitovu kikizungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha hulegezwa kidogo hadi ibaki nafasi ndogo ya kucheza, inayopimwa kwa sehemu za mia za milimita kufuata kitabu cha gari husika. Ndipo washa mpya hukunjwa na nati ya pili kukazwa. Kitovu kilichokazwa kupita kiasi hupata joto, grisi huyeyuka, na beringi hushikana barabarani. Kilicholegea kupita kiasi huyumba na kula sili. Yote mawili huweza kumwachisha dereva gurudumu.

Muhtasari wa matumizi

Kilichokaza hulegezwa. Kilichokwama hukwamuliwa, baada ya kizuizi kutafutwa. Kilichoganda huganduliwa, kwa mafuta na subira. Kilichobanwa husukumwa au kuvutwa kwa kifaa chake. Umbo la kutendwa lisipuuzwe: kilichokazwa, kilichofungwa na kilichobanwa kina mtu aliyekifanya hivyo, na kina njia ya kukirudisha alikotoka nayo. Mwenye gari wa Goweko anayempigia simu fundi wa Tabora akisema "nati zimetoka, dramu imetoka, pete ya ndani ya beringi imeganda kwenye shina" amemwambia fundi huyo abebe pula, mafuta ya kupenya na miwani. Akisema tu "kimekwama", fundi atabeba nyundo.

Tazama pia: chomoa, gololi, grisi, hesi, nasua, ng'oa, sili, tindo.