Kunde Mbichi katika Vyungu vya Mkwaja

Katika vyakula vyote vinavyopikwa baina ya mto Pangani na mto Wami, hakuna kilichodharauliwa kwa muda mrefu zaidi kuliko maganda mabichi ya kunde, wala hakuna, kwa maoni yangu, kinachostahili zaidi kuandikiwa taarikhi yake. Maana wali umekwisha kusifiwa na watungaji, nyama imekwisha kugombewa na wakubwa katika karamu, na samaki ana wavuvi wa kumsemea, lakini mboga hii, iliyowavusha watu wa Mrima, yaani pwani hii, katika miezi ya uhaba tangu zama zisizokumbukwa, imekaa pembeni mwa sahani kama mgeni asiyekaribishwa.

Mkwaja ni mji mdogo uliokaa pwani, kusini ya Pangani na kaskazini ya Saadani, jirani ya Kipumbwi, Sange na Buyuni, mbele yake bahari na mikoko, nyuma yake vichaka na mbuga za nchi ya Wazigua. Wenyeji wake tangu hapo waligawa riziki yao baina ya wavu na jembe, nao walijua vyema kwamba vyote viwili huweza kumhini mtu katika mwaka mmoja, kwa kuwa kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, na masika yakichelewa mtama na mahindi hukauka mchangani kabla ya kuchanua. Kunde haikuwa na kiburi cha namna hiyo. Ilipandwa baina ya mistari ya mtama, pembeni mwa muhogo, hata katika ardhi iliyokwisha kuchoka, ikatambaa. Majuma machache baada ya kuota ilitoa majani ya kuchumwa, kisha maganda mabichi, kisha maganda makavu ya kuwekwa ghalani, hata mmea mmoja ukailisha nyumba mara tatu kabla ya nafaka kukomaa mara moja.

Fauka ya hayo, kunde ni mwenyeji wa bara hili. Wachimbaji wa mambo ya kale walipata katika makazi ya Kintampo, nchini Ghana, punje za kunde zenye umri wa takriban miaka 3,500, ilhali mbaazi ilitoka Bara Hindi, na mnazi, ambao leo hatuwezi kuiwaza mboga ya pwani bila tui lake, ulikuja kwa njia ya bahari kutoka pande za mashariki. Katika kisiwa cha Pemba, uchunguzi wa punje zilizoungua katika magofu ya Tumbe na Chwaka umeonyesha kwamba wakazi wa kwanza walikula zaidi mawele, na kwamba mchele ulishika nafasi ya mbele tangu karne ya 11, wakati miji ilipokuwa ikikua na Uislamu ukienea. Hapo ndipo, naona mimi, daraja za vyakula zilipoanza kuwekwa. Msafiri Ibn Battuta, alipopita Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, alieleza wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chombo kikubwa cha mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Msomaji auangalie mpango huo: wali ndio msingi, kuku yuko mbele, na mboga iko mwisho wa orodha.

Karne ya 19 ilizikaza daraja hizo. Pangani ilikuwa na misafara ya pembe na watumwa iliyokwenda bara na kurudi, na kandokando ya mto wake palikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu, likiwamo la Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita juu ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Katika miji ya Mrima, kutoka huko hata Saadani kwa mtawala wake Bwana Heri, heshima ya mtu ilipimwa kwa karamu: ng'ombe wangapi wamechinjwa, wali kiasi gani umepakuliwa, ngoma zimechezwa siku ngapi. Aliyetaka ujumbe, yaani cheo cha jumbe, au mtu wa bara aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa waungwana wa mji, hakuwa na njia ila kulisha watu, na kuwalisha wali na nyama. Katika sinia za namna hiyo kunde haikuthubutu kuingia. Ilikuwa chakula cha mtumwa aliyelima kiunga chake siku aliyoachiwa, cha mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa hapo hapo, cha mjane, na cha kila nyumba, hata ya mwungwana, siku zisizokuwa na wageni.

Na ziko siku ambazo hata mwungwana hakutaka wageni. Kabla ya mavuno ya masika, ghala ikiwa tupu na mtama ungali kijani, wanawake waliteremka shambani asubuhi, umande haujakauka, wakachuma maganda ya kunde yaliyokuwa bado membamba, wakarudi nayo katika vikapu. Jioni nyumba nzima ikala mboga hiyo pamoja na kipande cha muhogo, au samaki mmoja wa kugawana, au ikala mboga tupu, bila wali na bila ugali. Jambo hili halikutajwa barazani. Mtu aliyekula mboga tupu alitoka nje, akaitafuna tambuu yake, akazungumza habari za bahari. Kwa kuwa katika fikira za watu wa pwani asiyekula wali wala ugali hakula, hata kama tumbo lake limejaa. Katika miaka ya 1890, nzige na ukame vilipoandamana katika pande hizi za kaskazini, na tena nzige walipoivamia Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali za wageni ziliona dawa katika muhogo, na Waingereza wakaamuru kila mlimaji awe na shamba lake la muhogo kama akiba ya njaa. Amri ilikuwa ya busara, maana muhogo husubiri ardhini. Walakini hakuna aliyeandika amri juu ya kunde, ambayo ikipandwa baada ya nzige kuondoka hutoa mboga ndani ya miezi miwili. Wanawake waliipanda bila ya kuamriwa.

Maharage yana habari nyingine. Asili yake ni Amerika, nayo yaliletwa katika bahari yetu, pamoja na mahindi na muhogo, baada ya Wareno kuingia mwaka 1498. Lakini joto la pwani haliyafai, yakapanda milima ya Usambara na nchi za baridi, na pwani yakarudi yakiwa makavu, ndani ya magunia. Aliyeyarudisha kwa wingi ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na katika miche 1,000 ikasalimika 62 tu, iliyopandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, na kutoka kwa hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoufunika mkoa wa Tanga. Kazi yake ilitaka mikono mingi kuliko iliyokuwako pwani, wakaja manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka bara, na posho yao ikawa unga wa mahindi na maharage makavu. Na mtoto wa pwani aliyekulia karibu na kambi akazoea maharage hayo hata akadhani ni ya babu zake.

Kisha ikaja zamu ya Mkwaja yenyewe. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, yenye mashamba makubwa ya mkonge, ilianzisha hapo ranchi ya ng'ombe ili ipate nyama ya kuwalisha wafanyakazi wake, katika nchi yenye mbung'o ambamo ng'ombe hawawezi kuishi bila kuchomwa dawa ya ugonjwa wa nagana mara kwa mara. Basi jina la mji wa wavuvi na wakulima wa kunde likajulikana katika vitabu vya waganga wa mifugo kama jina la nyama. Ranchi ilidumu takriban nusu karne, ikafungwa, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Ng'ombe wameondoka, waliobaki ni ndovu, ngiri na nyani, na hao wawili wa mwisho, aliyewahi kulinda shamba anajua, huyapenda maganda mabichi kuliko binadamu anavyoyapenda.

Maganda ya maharage machanga, yale marefu ya kijani ambayo huliwa kabla ya punje kujaa, yalifika pwani kwa mlango wa mbele. Wajerumani walipojenga Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto, walipanda milimani mboga za kwao, na reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 mboga za Usambara zilipata njia ya kuteremka. Zilikwenda kwanza katika meza za wazungu, ambako mpishi wa Kiswahili alifundishwa kuzichemsha kwa maji na chumvi, dakika chache tu, na kuzitoa zingali ngumu, akastaajabu kwamba watu wenye mali hula mboga isiyoiva. Mimi niko upande wa mpishi.

Tena iko ajabu ya bahari mbili. Wakati maharage ya Amerika yalipokuwa yakija kwetu, kunde ya Afrika ilikuwa ikienda kwao, katika merikebu za utumwa zilizotoka hasa pwani za magharibi ya bara hili. Na katika majimbo ya kusini ya Marekani, mikono ya wanawake wa Kiafrika iliyapika maganda mabichi ya maharage kwa namna ambayo mtu wa Mkwaja angeitambua mara moja: sufuria kubwa, moto mdogo, saa nzima na zaidi, na kipande cha nyama iliyotiwa chumvi na moshi ili kutoa ladha. Huko nyama hiyo ni ya nguruwe, ambayo kwetu haijuzu; kazi yake hapa hufanywa na papa mkavu au ng'onda. Na supu inayobaki chini huko hunywewa kwa mkate wa mahindi, wala haimwagwi. Tena wako Wazigua waliotolewa nchini mwao na njaa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakapelekwa pwani ya Benadiri na kutiwa utumwani, wakatoroka na kuweka makazi kando ya mto Juba, wakaihifadhi lugha yao hata vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowatawanya. Baadhi yao wamerudi Handeni, na wengine ni miongoni mwa Wabantu wa Somalia takribani 12,000 waliopokewa Marekani kuanzia mwaka 2003, na wako waliokaa Clarkston, katika jimbo la Georgia, yaani katikati ya watu wanaoipika mboga hiyo.

Mapishi yenyewe ni haya. Huchaguliwa maganda ambayo yakikunjwa huvunjika kwa sauti. Linalokunjika bila kuvunjika limezeeka, nalo huachwa likauke kwa mbegu. Ncha mbili hukatwa, uzi wa ubavuni huvutwa ukatoka mzima, kisha ganda huvunjwa vipande vya urefu wa kidole cha mwisho. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji na kukamuliwa katika kifumbu; tui zito la kwanza huwekwa kando, na machicha yakakamuliwa tena kupata tui jepesi. Papa aliyerowekwa usiku kucha, ili chumvi yake ipungue, huchambuliwa na kutandazwa chini ya chungu pamoja na kitunguu, juu yake maganda, juu yake tui jepesi, na chungu hufunikwa juu ya mafiga, kuni zikivutwa nje mpaka ubaki moto wa makaa. Hapo mpishi mwenye haraka hukosa. Maganda yanataka kulegea mpaka rangi yake ya kijani iwe nzito na meno yasipate kazi; ndipo tui zito litiwe, pamoja na pilipili na kipande cha embe bichi, na likorogwe kwa upawa bila kupumzika, maana likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea peke yake na jasho la asubuhi nzima likaharibika. Chumvi huonjwa mwisho, kwa sababu papa amekwisha kusema.

Siku hizi waganga huwaambia wagonjwa wa kisukari wapunguze wanga, na maneno hayo hupokelewa mijini kama elimu mpya iliyotoka ng'ambo. Hesabu ni dhahiri: katika gramu 100 za maharage mabichi ya kijani wanga haupiti sana gramu 7, ilhali muhogo mbichi wa uzito huo una gramu zipatazo 38, na ganda la kunde lililochumwa kabla ya punje kujaa ni jamaa wa lile la kwanza, wala si wa muhogo. Kwa hiyo sahani ile ambayo mama wa Mkwaja aliipakua mlango umefungwa, mboga na samaki bila ya wali, sasa huandikwa katika karatasi ya daktari. Nisieleweke kwamba naisifu njaa. Aliyekula hivyo kwa kukosa hakuwa na hiari, na tofauti ya kukosa na kuacha ni kubwa kuliko tofauti ya kunde na mchele.

Lakini juu ya mapishi nina hukumu, nami sioni sababu ya kuificha. Maharage ya Lushoto yaliyochemshwa dakika chache na kupakwa siagi ni mapambo ya meza. Maharage hayo hayo, yakipikwa kwa moto mdogo, kwa papa na matui mawili, kama wapikavyo kunde watu wa Mkwaja, ni chakula kamili, na aliye na bakuli lake halazimiki kuuliza wali uko wapi.